Wakiondoka, Njia Wanamwachia Nani?



Mwezi wa saba 2024, kwenye kikao chetu hapa Bukavu, tulikuwa tumepanga kuongea juu ya mbegu za maharagi na madeni ya sanduku la akiba. Hatukufika huko. Tarehe 30 mwezi wa sita 2024 MONUSCO ilikuwa imefunga kazi yake katika Kivu ya Kusini, na kila mtu alikuja na maneno yake kinywani. Vijana wa Kadutu walisema: "Baende! Miaka yote ile, balifanya nini?" Wengine wakapiga makofi. Kisha mama mmoja wa Walungu, ambaye amekimbia kijiji chake mara tatu na kurudi mara tatu, akainua mkono: "Banaenda, sawa. Lakini njia banaachia nani?"

Hakuna aliyemjibu. Na sisi wa tereni, tunaozunguka vijijini kila wiki na kuandika nani amerudi na nani amekimbia tena, tulibaki tunatazama chini, sababu jibu hatukuwa nalo.

Swali la yule mama si jipya. Lilikuwa mdomoni mwa watu hapa mwaka 2002, wakati majeshi ya kigeni yalipokuwa yanaondoka Kongo kisha vita ya miaka minne. Kwa hiyo tumeona vizuri gazeti letu dogo likumbushe habari ile. Atakayesoma aone kwamba kubishana juu ya kuondoka kwa majeshi ni jambo moja, na kubishana juu ya kesho yake ni lingine. Mara nyingi wakubwa wanamaliza la kwanza, na la pili wanatuachia sisi.

Vita ilivyoingia

Vijana wengi wa chama hawakuona 1998. Tuanze hapo.

Tarehe 2 mwezi wa nane 1998, askari wa mashariki waliasi dhidi ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Siku chache kabla, Kabila alikuwa ameamuru askari wa Rwanda, walewale waliomsaidia kumwangusha Mobutu mwaka 1997, warudi kwao. Rwanda na Uganda wakavuka mpaka kuunga mkono uasi, na chama cha RCD kikazaliwa. Burundi nayo ikaleta askari upande wa ziwa Tanganyika. Kwa upande wa Kinshasa wakaja Zimbabwe, Angola, Namibia na Chad. Nchi saba za kigeni zilikuwa zinapigana ndani ya nchi moja.

Kila moja ilikuwa na sababu yake. Kigali ilisema kwamba wale waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, wanajeshi wa zamani na Interahamwe, bado wako msituni Kongo na silaha zao. Jambo hilo lilikuwa kweli, na vijiji vyetu viliwajua watu hao kwa ubaya wao. Kampala ilisema inawafuata waasi wake. Harare ilisema inalinda serikali ya nchi mwanachama wa SADC. Hatusemi kwamba sababu hizo zilikuwa uongo mtupu. Lakini askari aliyeingia kwa sababu ya usalama alikuta pia dhahabu, almasi na koltani, na kutoka hapo alikuwa na sababu mbili za kubaki.

Kwa wanachama wetu hatuna haja ya kueleza majina ya Kasika na Makobola. Kwa marafiki wa mbali tuseme kwa kifupi. Kasika, katika teritwari ya Mwenga, mwezi wa nane 1998, mamia ya raia waliuawa, pamoja na mwami wa hapo na padri wa parokia. Makobola, upande wa Fizi, mwaka 1998 ulipokuwa unageuka kuwa 1999, mamia wengine waliuawa. Wengi wa wazee wa chama hiki wanahesabu kukimbia kwao kwa mara ya kwanza kutoka siku hizo.

Tarehe 10 mwezi wa saba 1999, nchi sita zilitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita mjini Lusaka: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Waasi walifuata mwezi wa nane. Mapatano yaliandika kwamba majeshi yote ya kigeni yatakuwa yameondoka katika siku 180. Siku 180 ni miezi sita. Lakini jeshi la Rwanda lilikuja kuondoka Bukavu zaidi ya miaka mitatu kisha sahihi ile. Katikati, mwezi wa sita 2000, Rwanda na Uganda, waliokuwa marafiki, walipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Maelfu ya makombora yalianguka juu ya nyumba za watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote, na raia wakafa kwa mamia. Ndipo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1304 la tarehe 16 mwezi huo, likawaamuru wote wawili waondoke Kongo. Hata hivyo wakabaki.

Walivyobishana kwao

Watu wengi hapa wanadhani kwamba nchi zile zilikuwa na sauti moja tu, ile ya marais wao. Si hivyo. Ndani yake watu walibishana, na kuna kitu cha kujifunza katika namna walivyobishana.

Zimbabwe ndiyo iliyotuma askari wengi upande wa Kinshasa, wakafika kama 11,000, wakati uchumi wake ulikuwa unaanguka. Serikali iliambia Shirika la Fedha la Kimataifa kwamba vita ya Kongo inakula dola milioni 3 kwa mwezi. Mwezi wa kumi 1999 gazeti la Financial Times likaonyesha hati iliyosema ingine: dola milioni 166 katika miezi sita ya kwanza ya mwaka ule. Gawanya kwa sita, utapata karibu mara tisa ya ile waliyotangaza. Mwaka 2000 waziri wa fedha Simba Makoni alilieleza Bunge kwamba vita imekula dola za Zimbabwe bilioni 10 katika miaka miwili. Chama cha upinzani MDC kiliingia uchaguzi wa mwaka huohuo kikiuliza juu ya nini vijana wanafia Kongo na hospitali za nyumbani hazina dawa. Kuuliza kulikuwa na bei yake. Mwanzoni mwa 1999 waandishi wawili wa gazeti The Standard, Mark Chavunduka na Ray Choto, walikamatwa na kuteswa kisha kuandika juu ya askari waliodaiwa kupanga kuangusha serikali.

Uganda, kwenye uchaguzi wa rais wa 2001, mgombea Kizza Besigye aliisema vita ya Kongo waziwazi mbele ya watu. Mwaka huohuo serikali iliunda tume ya jaji David Porter kuchunguza namna mali ya Kongo ilivyokuwa inachukuliwa. Nako Namibia, Rais Sam Nujoma alikuwa ametuma askari kabla ya kuuliza Bunge, na jambo hilo likamletea maneno mengi. Askari wake waliondoka 2001.

Kwa Rwanda mabishano ya hadharani yalikuwa machache sana. Sababu moja ni hofu ya kweli iliyotoka 1994. Lakini kuna ingine. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwezi wa nne 2001, lilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lingeweza kuwa limepata dola milioni 250 au zaidi kutoka koltani peke yake katika miezi 18. Bei ya koltani ilikuwa imepanda sana mwishoni mwa 2000, wakati viwanda vya simu na michezo ya video vilikuwa vinaitafuta kila mahali. Vita inayojilipia yenyewe, nani ataiuliza bei bungeni?

Tazameni sasa. Pale ambapo vita ilikuwa inakula sanduku la serikali, swali la kuondoka lilikuja mapema na kwa sauti kubwa. Pale ambapo vita ilikuwa inajaza sanduku, swali lilichelewa. Lakini kwa pande zote mbili hesabu ilikuwa ya kwao: dola zao, askari wao, mipaka yao. Mwaka 2000 shirika la IRC lilifanya uchunguzi wa vifo mashariki ya Kongo, likakadiria kwamba katika miezi 22 watu milioni 1.7 walikuwa wamekufa ambao wasingekufa kama si vita, wengi wao si kwa risasi bali kwa malaria, kuhara na njaa. Wataalamu walibishana juu ya namba hiyo, na bado wanabishana. Sisi hatuna haja ya kushika namba moja. Tunasema tu kwamba wale watoto waliokufa kwa kuhara msituni Shabunda na Bunyakiri hawakuwa ndani ya hesabu ya bunge lolote.

Tulivyobishana sisi

Na hapa kwetu? Watu wa Bukavu hawakukaa kimya wakingoja wakubwa.

Noeli ya 1999, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliandika barua kwa waumini, akakemea wageni wanaopora nchi pamoja na ndugu zetu wanaowasaidia. Mwanzoni mwa 2000 sosiete sivile iliita mji ulale: maduka yakafungwa, soko la Kadutu likabaki tupu. Tarehe 12 mwezi wa pili 2000 wakubwa wa RCD walimhamisha askofu kwa nguvu mpaka Butembo, na waumini wakagoma. Alirudi mwezi wa tisa, mji mzima ukatoka njiani kumpokea. Wiki tatu kisha akafa Roma, tarehe 4 mwezi wa kumi. Wanachama wetu wenye miaka hamsini na zaidi bado wanaongea juu ya mazishi yale.

Mwishoni mwa mwezi wa pili 2001, watu wa sosiete sivile na wa makanisa, pamoja na wageni mamia kutoka Ulaya, walikutana Butembo katika mkutano mkubwa wa amani, ndani ya nchi yenye vita. Neno lao lilikuwa wazi: majeshi ya kigeni yaondoke.

Lakini tusidanganye historia. Si kila mtu alikuwa na moyo mmoja. Ndugu zetu Banyamulenge walikuwa wameona Watutsi wakiwindwa na kuuawa Kinshasa na mahali pengine mwezi wa nane 1998. Wengi wao waliona jeshi la Rwanda kama ukuta: ukiondoka, nani atawalinda? Na hao pia hawakuwa sauti moja. Mwanzoni mwa 2002 kamanda Patrick Masunzu, Munyamulenge, aliinuka juu ya milima ya Uvira na Fizi kupigana na jeshi hilohilo la Rwanda, na raia wengi wa milimani wakakimbia mapigano yale. Kwa hiyo anayesema leo kwamba kabila fulani lote lilitaka hivi na kabila fulani lote lilitaka vile, mwambieni asome tena.

Ukiyaweka maneno yote ya wakati ule pamoja, unaona maswali mawili. La kwanza: waondoke? Karibu wote, hata wengi wa waliokuwa na hofu, walijibu ndiyo. La pili: wakiondoka, nani atasimama njiani mahali pao? Kwa hilo kila mtu alikuwa na jibu lake, au hakuwa nalo.

Miezi tisa

Tarehe 30 mwezi wa saba 2002, mjini Pretoria, Rais Joseph Kabila na Rais Paul Kagame walitia sahihi mapatano mbele ya Thabo Mbeki. Rwanda itaondoa askari wake katika siku 90. Kongo itakusanya na kunyang'anya silaha wanajeshi wa zamani wa Rwanda na Interahamwe. Afrika ya Kusini na Umoja wa Mataifa wataangalia kama kila mmoja anafanya kazi yake.

Upande wa kwanza ulikwenda mbio kuliko watu walivyofikiri. Katikati ya mwezi wa tisa askari wa kwanza walitoka Kindu, na tarehe 5 mwezi wa kumi 2002 Rwanda ikatangaza kwamba imemaliza. Zaidi ya askari elfu makumi mbili walikuwa wamevuka. Hapa Bukavu watu walisimama kando ya njia wakatazama malori yakishuka kwenda Ruzizi. Wengine waliimba. Wengine walihesabu tu, kimya.

Upande wa pili ulibaki nyuma. Siku nane hivi kisha tangazo lile, wapiganaji wa Mai-Mai wakaingia Uvira na kuwafukuza RCD, ambao sasa hawakuwa tena na jeshi la rafiki yao nyuma yao. Kulikuwa na furaha mjini, lakini furaha ya siku chache. Kabla wiki haijapita RCD walirudi na nguvu, mji ukabadilisha mikono tena, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi.

Papa mmoja mwanachama wetu, mtu wa Kiliba, alikuwa ndani ya hayo. Alitueleza hivi. Aliposikia kwenye radio kwamba jeshi linaondoka, alitoa familia Burundi, akanunua mabati kumi na mbili kwa deni, akarudi kufunika nyumba. "Nilisema vita imeisha, sababu walisema jeshi limeenda." Nyumba ilikaa na mabati yake majuma mawili. Deni alilipa miaka miwili. Mabati yale mpaka leo anajua yako kwenye nyumba ya nani, na hajawahi kuyadai.

Ndani ya vijiji vya Walungu, Mwenga na Bunyakiri, wapiganaji wa Kinyarwanda waliotakiwa kunyang'anywa silaha walibaki msituni, wakashuka usiku kuchukua mbuzi, chakula na wasichana. Njiani, bariere za RCD zilibaki palepale. Mbele kidogo ukakuta bariere ya Mai-Mai. Mama anayetoka sokoni na kitunga cha muhogo alilipa mara mbili au tatu, na hakuna hata mmoja kati ya waliomlipisha aliyekuwa askari wa kigeni wa kuondoka.

Serikali ya mpito, iliyounganisha Kinshasa, waasi na Mai-Mai, ilikuja kuanza tarehe 30 mwezi wa sita 2003. Hesabuni kutoka tarehe 5 mwezi wa kumi 2002: ni karibu miezi tisa. Katika miezi hiyo jeshi la kigeni lilikuwa limeondoka na dola ilikuwa haijafika. Ndiyo miezi ambayo yule mama anaiuliza.

Na hata miezi tisa ilikuwa mwanzo tu. Kuunganisha majeshi kulichukua wakati mrefu zaidi. Mwishoni mwa mwezi wa tano 2004 Kanali Jules Mutebutsi aliasi hapa Bukavu, na Jenerali Laurent Nkunda akashuka kutoka upande wa Goma kumsaidia. Tarehe 2 mwezi wa sita mji ukaanguka. Kwa karibu juma moja walipora na kubaka kutoka nyumba kwa nyumba. Askari wa MONUC walikuwa ndani ya mji na magari yao meupe, na hawakuzuia. Kijana wa Kadutu anayesema leo "balifanya nini?" pengine hakuwa amezaliwa, lakini hasira yake ameirithi kutoka juma lile.

Ituri hadithi ilikuwa ya namna moja. Uganda ilitia sahihi na Kongo mjini Luanda tarehe 6 mwezi wa tisa 2002. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2003 askari wake waliondoka Bunia. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa pale walikuwa wachache sana, vikundi vya silaha vikapigania mji, na mamia ya watu wakauawa. Ilibidi Umoja wa Ulaya utume kikosi, Ufaransa mbele, mwezi wa sita, ili mji upumue.

Je, tunasema wasingeondoka?

Hapana. Mtu asitusome vibaya. Kuondoka kulikuwa haki, na kuchelewa kwake kulituua. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingia na kukaa Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru kulipa dola milioni 325. Hakuna mtu wa chama hiki anayelilia jeshi lililochoma kijiji chake.

Tunachosema ni kidogo, na kwetu ni kizito. Kuondoka kuliandikwa kwa tarehe. Kufika kwa wanaopaswa kuja hakukuandikwa. Pretoria iliandika siku 90 za malori kuvuka. Haikuandika ni siku ngapi mpaka polisi alale Walungu, mpaka mwalimu apate mshahara, mpaka bariere itoke. Aliyeondoka alikuwa na watu wa kuangalia kama ametimiza. Raia aliyebaki hakuwa na wa kumwangalia. Na kwa sababu hiyo neno "wameondoka" likasikika kama "amani imefika", na watu kama papa wa Kiliba wakalilipia.

Na leo?

MONUSCO si jeshi la uvamizi, tusichanganye. Ilikuja kwa idhini ya Umoja wa Mataifa na kwa kukubali kwa serikali yetu, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyoomba iondoke kisha maandamano ya 2022 na hasira nyingi. Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2023 Baraza la Usalama lilikubali, kwa azimio namba 2717. Kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa polisi yetu tarehe 28 mwezi wa pili 2024, zingine zikafuata, na mwezi wa sita kazi ikafungwa. Katikati ya hayo kikosi cha Afrika Mashariki kilikuja mwishoni mwa 2022 kikaondoka mwishoni mwa 2023, na kile cha SADC kikaingia Kivu ya Kaskazini. Wanakuja na kwenda kama wageni wa matanga, na mwenye msiba anabaki na sufuria zake.

Lakini swali la njia linabaki lilelile. Kwa hiyo sisi wa tereni tumekubaliana kwamba hatutamwambia mtu yeyote "rudi" kwa sababu tu ya tangazo la redio. Tutauliza kwanza mambo haya, kijiji kwa kijiji. Usiku nani anasimama kwenye bariere, na anadai pesa ngapi? Soko linakaa siku zake zote, na wanawake wanakwenda bila kungojana kumi kumi? Muuguzi wa kituo cha afya analala pale, au anashuka jioni? Shule imefunguliwa na mwalimu wa kweli? Shamba lako nani analilima sasa, na chifu wa groupement anasema nini juu yake? Na la mwisho, ambalo watu hawapendi kuliuliza: majirani wa lugha ingine, waliokimbia siku moja na ninyi, nao wanarudi? Kama wewe tu unarudi na wao wanaogopa, bado amani haijafika, hata kama wewe umefika.

Kwa wanachama: asipeleke mtu familia nzima mara moja. Aende mmoja, alime msimu mmoja, alale pale miezi ya mvua. Chumba cha Bukavu kisirudishwe kwa mwenye nyumba mpaka mavuno ya kwanza. Na mabati, tafadhali, yawe ya mwisho kununuliwa.

Kwa marafiki wanaotusaidia: tunajua kwamba habari ya askari kuondoka inasomeka kwenu kama mwisho wa kazi, na kwamba pesa za msaada zinafuata habari. Tunawaomba mfanye kinyume. Miezi tisa ya kwanza kisha jeshi lolote kuondoka ndiyo miezi ambayo sanduku letu la dharura linapaswa kujaa kuliko wakati wowote. Tunaomba sanduku hilo lisiguswe kwa kazi ingine katika miezi hiyo tisa, na kila miezi mitatu tutawaletea majibu ya maswali yale, kijiji kwa kijiji, hata kama majibu ni mabaya.

Kwa wakubwa wa jimbo, ambao gazeti hili linawafikia pia: mmeonyesha tarehe za kambi kukabidhiwa. Tuonyesheni tarehe za pili, za polisi kulipwa na za njia kufunguliwa. Tutazibandika ukutani na tutazifuata.

Kikao kijacho, kila kikundi, Walungu, Mwenga, Kabare, Kalehe, Uvira na Fizi, kilete mtu aliyelala kijijini mwezi huu, siyo aliyesikia. Yule mama wa Walungu ameomba aanze yeye. Amekwishaondoka juzi na pikipiki kwenda kuona, na ametuambia atakaa huko siku saba.